Tuchague kiti, tusichague jina

Katika kituo chetu cha kununulia majani, huku Bureti, hakuna mkulima anayeondoka kabla mizani haijatulia. Utamwona mama aliyeingia shambani umande ukingali juu ya chai, aproni ya plastiki bado kiunoni, amesimama bega kwa bega na karani. Gunia linaning'inizwa. Namba zinacheza, kisha zinatulia. Anazisoma kwa sauti ya chini, anamtazama karani akibonyeza mashine yake, anapokea risiti na kuisoma upya. Nusu kilo ikipungua atauliza mbele ya watu wote, na hakuna atakayemwona mkorofi. Majani yale ameyachuma mwenyewe, mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, mpaka kapu likajaa.

Mama wa namna hiyo nilimkuta kwenye saiba moja sokoni, majuma machache baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kutangazwa. Alikuwa na binti yake aliyepata A-. Kijana wa saiba alikuwa amefungua tovuti ya KUCCPS wanaopanga nafasi za vyuo, foleni imefika mlangoni, na kila mtu ana haraka kwa kuwa stima ilikuwa imepotea mara mbili asubuhi hiyo. "Mama, mtoto anataka nini?" "Anataka kuwa daktari wa meno." Kijana akakuna kichwa. "Meno ni ngumu kupata. Tuweke udaktari wa kawaida kwanza, meno ya pili, hapa chini tuweke biolojia kwa chuo cha karibu. Akikosa, asome biolojia kwanza, halafu ataruka huko kwa meno." Mama akamtazama binti, binti akatazama chini. Haikupita dakika kumi.

Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo nikisubiri kuchapisha barua. Nilifundisha kemia katika shule za sekondari za Kericho na Bomet kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na nimeshuhudia watoto werevu wengi wakipotelea hapo hapo, mbele ya kompyuta ya mtu mwingine. Nilimwomba mama tutoke nje tuzungumze kabla hajalipa. Makala haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyafikiri tangu siku hiyo. Kwa ufupi ni hivi: mtoto anayetaka kutibu meno achaguliwe chuo kwa mizani, kama tunavyouza majani. Na kinachowekwa kwenye mizani kiwe kile kiti ambacho mgonjwa hulazwa juu yake, taa ikamulika kinywani mwake. Jina la chuo lipimwe baadaye.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu wengi wameikosea tangu mwanzo. Vijana wetu hutazama video za Marekani kwenye simu. Huko mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, iwe ya biolojia au hata ya historia, mradi amepita masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kisha hufanya mtihani uitwao DAT, ndipo anaomba shule ya meno ya miaka minne mingine. Kwa Mmarekani, kuuliza asome chuo gani kabla ya shule ya meno ni swali la maana sana. Sisi tulirithi mpango wa Uingereza. Mtoto anatoka kidato cha nne na kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari wa meno, BDS, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Chuo cha kwanza ndicho hicho hicho shule ya meno. Anayewekewa biolojia kama ngazi ya kupandia atagundua akiwa na miaka 23 kwamba ngazi ile haikuegemezwa popote. Ni kweli kuna mlango wa mwenye shahada au diploma ya afya kuomba upya, lakini ni mwembamba, ada yake mara nyingi ni ya kujilipia yote, na aliyeingia huanza mwaka wa kwanza pamoja na wadogo zake.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na hospitali yake ya meno iko kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Chuo Kikuu cha Moi hufundisha Eldoret, karibu zaidi na sisi. Kwa miaka mingi hivyo viwili vya umma ndivyo vilivyobeba mzigo wa nchi nzima. Hapa nyumbani tuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati mwaka 2013, na Bomet tuna chuo kilichoanza mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Moi. Navionea fahari vyote viwili, na nimewapeleka huko wanafunzi wangu wengi. Lakini udaktari wa meno haufundishwi huko, na kumwambia mzazi ukweli huo ni kumheshimu.

Mwenye neno la mwisho ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lililochukua nafasi ya bodi ya zamani mwaka 2019. Baraza ndilo linalokagua shule, ndilo linalotaka mwanafunzi awe na angalau B katika masomo ya msingi kama biolojia na kemia, na ndilo litakalomwandikisha au kumkatalia siku ya mwisho. Ushindani huifanya B ile iwe ya kwenye karatasi tu, maana wanaopata nafasi huwa na A au A-. Ila nisisitize hilo la ukaguzi. Miaka ya 2010 wahitimu wa uhandisi kutoka vyuo kadhaa vya humu nchini walimaliza masomo, wakavaa joho, wakapigwa picha na wazazi, kisha bodi ya wahandisi ikakataa kuwaandikisha kwa kuwa kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa. Mzazi asiende na habari za gazeti wala tangazo la barabarani. Afungue orodha ya Baraza na kusoma jina la chuo na jina la kozi, yote mawili.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania kiti.

Gogo yangu, mama mzaa baba, alikuwa na pengo mbele, upande wa chini. Halikuletwa na ugonjwa. Kizazi chake cha Wakipsigis kiling'olewa meno mawili ya mbele ya chini utotoni, na sababu aliyonipa ni ile aliyopewa yeye: taya likifungwa na pepopunda, maziwa na uji vipate pa kupitia. Simulizi lake halikukosa yule aliyeifanya kazi hiyo. Alisema mtu huyo alikaa kando ya mkono wa mzee mwingine kwa muda mrefu, akitazama, akishika kichwa cha mtoto, akipokea chuma na kukirudisha, kabla jirani yeyote hajamwaminia kinywa cha mwanawe. Desturi ile imekwisha, na heri imekwisha. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo nchi yetu ya leo inalisahau: hakuna aliyekabidhiwa kinywa cha mtu kwa sababu ya ukoo wake. Mkono ulifundishwa na mkono.

Mimi mwenyewe niling'olewa gego nikiwa kidato cha pili, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Lilikuwa na tundu dogo la kuzibwa tu, ila hakukuwa na wa kuziba wala cha kuzibia. Aliyeshika koleo alikuwa mtu mwenye huruma. Nakumbuka jasho lilivyokuwa likimtiririka kwenye nyusi, na jinsi alivyokuwa akiniambia pole kila alipovuta. Mkono wake ndio haukujua. Jino lilikatika, mzizi ukabaki ndani, na shavu likavimba wiki mbili. Hadi leo natafuna kwa upande wa kulia. Sikumchukia kamwe. Nilijua alikuwa amesomea darasani, akaachwa ajifunzie kwetu.

Na kazi yenyewe ipo tele. Nyumba zetu huamka na chai ya maziwa yenye sukari, zikaendelea nayo saa nne, saa kumi na jioni. Watoto hupewa kikombe chao kabla hawajajua kushika mswaki. Nenda hospitali ya Kapkatet, nenda Longisa, nenda Tenwek, hospitali iliyoanza mwaka 1937 na inayopokea wagonjwa kutoka mbali. Wengi wanaofika na jino wamechelewa, wamekwisha kulifunga kwa dawa ya kutuliza maumivu na leso ya kichwa. Jino ambalo lingeokolewa linang'olewa. Tunahitaji mikono, na mikono hiyo itatoka miongoni mwa hawa hawa waliokaa kwenye foleni ya saiba.

Mwanafunzi wa udaktari wa meno, miaka miwili ya kwanza, husoma karibu yale yale ya udaktari wa kawaida: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Katikati ya hayo hupewa kipande cha nta na kisu kidogo, akaambiwa achonge jino, gego kwa gego, kila kilima na kila bonde lake, mpaka mhadhiri akilitazama ajue ni la juu au la chini, la kulia au la kushoto. Baadaye huwekwa mbele ya kichwa bandia chenye meno ya plastiki, akatoboa na kuziba hapo hadi mkono utulie. Ndipo anapofika kwenye kiti, mgonjwa wa kweli amelala, macho wazi, vidole vimekamata mikono ya kiti. Kuanzia hapo hahesabiwi tena kwa mitihani ya kuandika peke yake. Ana idadi ya meno ya kuziba, ya kung'oa, ya kusafisha mizizi, na seti za meno bandia za kutengeneza, na kila kazi hutiwa sahihi na mwalimu aliyesimama hapo. Hajatimiza, hamalizi.

Fikiria basi chuo chenye jina kubwa na viti ambavyo nusu yake havina maji, au taa imekufa na fundi anasubiriwa muhula mzima. Wanafunzi watapokezana. Mwenye bidii atafika saa kumi na moja alfajiri kushika nafasi. Mgonjwa akikosa nauli ya kurudi, kazi ya mwanafunzi hubaki nusu. Miaka mitano huwa sita, na mzazi aliyepanga bonasi tano za chai hujikuta anaitafuta ya sita. Katika chuo kingine, labda kisicho na sifa mdomoni mwa watu, viti vyote vinafanya kazi, wagonjwa wanajaa mlangoni kwa kuwa bei ni nafuu, na mwalimu mmoja anawasimamia wachache. Mtoto wa huko atatoka na mkono. Kati ya hao wawili, nani atamhudumia mjukuu wako?

Ndiyo maana nilimwambia mama yule asimalizie mambo kwenye saiba. Nenda mwenyewe, nikamwambia, na uende siku ya kazi. Usianzie ofisini, ambako utapewa kitabu chenye picha. Simama nje ya kliniki ya meno, uwatafute wanafunzi wa mwaka wa nne, wale wenye makoti meupe yaliyochakaa mikononi. Uwaulize viti vingapi vinafanya kazi leo, si vingapi vilinunuliwa. Uwaulize wako wangapi kwa kiti kimoja. Uliza nani husimama nyuma yao wanaposhika sindano ya ganzi, na kama huondoka. Uliza wagonjwa hutoka wapi, na kama kuna wiki ambazo hawaji. Uliza vifaa gani hujinunulia wenyewe na ni shilingi ngapi, maana gharama hiyo huwa haionekani kwenye barua ya kujiunga na chuo. Mwishowe uliza kuhusu waliowatangulia: walimaliza kwa miaka mingapi, na Baraza liliwaandikisha? Mwanafunzi wa mwaka wa nne hana sababu ya kukudanganya, kwa kuwa amechoka na anakumbuka alivyokuja.

Kwa binti nilikuwa na jambo jingine. Nilimpa nusu mche wa sabuni ya kufulia na picha ya gego kutoka kwenye kitabu changu cha zamani, nikamwambia anichongee. Alileta la kwanza kesho yake, likiwa kama kiazi. Nikamwonyesha bonde lililokosekana. La tatu lilikuwa gego. Kulikuwa na mikwaruzo midogo kwenye kidole gumba, na hakuniambia habari yake mpaka nilipoiona. Hakuna alama ya KCSE inayopima subira hiyo, na mzazi anaweza kuipima jikoni kwake kwa bei ya sabuni.

Tuje kwenye pesa, maana huku kwetu kila mpango wa masomo hupitia kwenye chai. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi na kusubiri bonasi ya Oktoba, na bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa imekuwa ikilalamikiwa kwa kuwa chini kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya. Aliyeajiriwa kwenye mashamba makubwa ana hofu nyingine, mashine za kuchuma, zile zilizochomwa Kericho katika ghasia za Mei 2023. Mwaka huo huo ndipo serikali ilipobadilisha namna ya kugharamia vyuo. Zamani mwanafunzi aliyepangwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasoma fasihi au udaktari. Chini ya mpango mpya gharama hufuata kozi, na familia huwekwa kwenye madaraja kulingana na uwezo. Madaraja yalipokuwa matano, familia ya daraja la kwanza ilitakiwa kuchangia asilimia 5 na ya daraja la tano asilimia 40, salio likiwa ufadhili na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha katiba, na kesi ikaendelea katika Mahakama ya Rufaa.

Kwa familia ya chai, shauri langu ni moja. Kozi za meno ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa, kwa hiyo daraja unalopewa lina uzito kuliko kwa mtoto wa kozi nyingine. Jaza fomu ya kuomba ufadhili kwa uangalifu, weka risiti za majani, eleza wategemezi wako wote. Ekari mbili za chai zinaweza kumfanya mtu aonekane tajiri kwenye karatasi wakati mwezi wa Februari, ukame umekaza na majani hayatoki, hana hata nauli ya Eldoret. Ukiona umewekwa daraja lisilo lako, kata rufaa. Unavyomuuliza karani wa kituo, muulize na huyu anayepanga madaraja.

Je, aliyekosa nafasi? Kwanza asikate tamaa, na pili asikimbilie kwa wakala. Kuna kuomba uhamisho kupitia KUCCPS wakati dirisha linapofunguliwa. Kuna diploma ya afya ya kinywa ya jamii na ile ya teknolojia ya meno katika chuo cha matibabu cha KMTC, Nairobi, ambazo ni kazi kamili zenye heshima yake: mmoja husafisha, huziba na kufundisha vijijini, mwingine hutengeneza meno bandia. Wilaya nzima ingeweza kuponywa maumivu na watu wachache wa aina hiyo. Kuna Makerere kule Kampala, na Muhimbili kule Dar es Salaam, ambako shahada huitwa DDS na husomwa miaka mitano. Mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki hukagua shule za wenzao kwa pamoja, kwa hiyo mwanafunzi asiende kabla ya kuhakikisha kuwa shule anayoiendea imo katika utaratibu huo. Aendaye mbali zaidi, India au Urusi au Uchina, ajue kwamba akirudi atafanya mtihani wa Baraza kabla ya uanagenzi. Nao wazazi wa Uasin Gishu wametufundisha somo chungu kwa mpango wa kaunti yao wa kuwapeleka watoto Finland na Kanada: mashamba yaliuzwa, pesa zikaingia kwenye akaunti, na wengi hawakuona hata uwanja wa ndege. Yeyote anayetaka pesa kabla ya barua ya chuo kuthibitishwa na chuo chenyewe, mzazi amfungie mlango.

Liko kundi moja kwetu ambalo swali la Kimarekani, la chuo gani kabla ya shule ya meno, linalihusu kikamilifu. Hao ni wakimbiaji. Kila mwaka vijana wa Kalenjin huenda vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa riadha, na miongoni mwao wamo wenye vichwa vya sayansi. Wesley Korir, aliyeshinda mbio za Boston mwaka 2012, alisomea biolojia Louisville. Kijana wa namna hiyo akiwa na ndoto ya meno, chuo atakachochagua kwa ajili ya miguu ndicho kitakachoamua mikono yake. Kanuni za michezo ya vyuo huko huweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki katika msimu, lakini safari za mashindano hula siku, na maabara ya kemia hufanyika alasiri, saa zile zile ambazo kocha anataka watu uwanjani. Kabla ya kutia sahihi, amuulize kocha: wanariadha wangapi wako katika masomo ya sayansi, na maabara ikigongana na mazoezi, nini huachwa? Amtafute mwanariadha mmoja aliyefika shule ya meno au ya udaktari kutoka timu hiyo. Kama hayupo, ajue atakuwa wa kwanza, nao wa kwanza hulima msitu. Na ajue pia kwamba shule nyingi za meno za Marekani huchukua wageni wachache, na kwamba mikopo ya serikali ya huko si ya wageni. Nimewaona wazazi wakimpokea kijana kwa maziwa ya mursik na shada shingoni, bila kumuuliza shahada aliyorudi nayo inamruhusu kufanya kazi gani.

Najua nitakachojibiwa. Wapo watakaosema jina la chuo hufungua milango, na mtoto mwenye A asipotezwe kwenye meno akiweza kuwa daktari kamili. La kwanza lina ukweli kwa kazi zinazotafutwa kwa barua. Mgonjwa mwenye jino linalouma hasomi cheti ukutani, huuliza jirani ni nani ana mkono mwepesi. La pili nalikataa kabisa. Udaktari wa meno ni udaktari kamili, na daktari wa meno huwa katika chama kimoja na madaktari wengine, KMPDU, kilichogoma siku 56 mwaka 2024 kwa sababu ya wanagenzi wa pande zote mbili. Mkataba wa 2017 ulisema mwanagenzi alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kumpa 70,000, na suluhu haikupatikana mpaka Desemba 2024. Mzazi ajue kwamba hata baada ya joho kuna kungoja na kuna kupigania haki. Mtoto aliyesukumwa kwenye kazi asiyoipenda kwa ajili ya sifa za kijijini hatakuwa na nguvu ya kungoja huko.

Tena muda wa kuchagua unakuja mapema zaidi sasa. Tangu Januari 2026, chini ya mtaala mpya, watoto wa darasa la kumi wameingia shule za upili wakiwa wamekwisha kuchagua mkondo, na wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ndio wenye njia ya kwenda kwenye kiti. Anayeamua ana miaka 15. Shule zetu nyingi ndogo za vijijini zina maabara moja, na nyingine zina kabati tu. Walimu wenzangu mliobaki kazini, msiwaache wachaguliwe na upungufu huo. Mwambieni mzazi wazi: hapa kemia inafundishwa kwa ubao, kwa hiyo mtoto huyu mtafutieni shule yenye vichupa.

Mama yule aliniacha pale nje ya saiba bila kuahidi lolote. Siku tisa baadaye alinijia nyumbani jioni, ametoka kituoni, risiti ya majani bado mkononi. Walikuwa wamekwenda, yeye na binti, kwa matatu ya alfajiri, na kwa nauli aliyoikopa kwenye chama cha kuweka akiba. Walisimama nje ya kliniki, wakawaona wenye makoti yaliyochakaa, wakauliza. Nilimwuliza ameona nini. Hakunieleza majengo wala lango. Alisema alimwona kijana mmoja akitaka kumdunga mzee sindano, mkono ukatetemeka, na mwalimu mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaushika ule mkono, hakusema neno, wakadunga pamoja.

"Na viti, mama?"

"Nilivihesabu, Mwalimu. Vyenye taa inayowaka nilivihesabu mara mbili."

Kesho yake walirudi saiba, na binti ndiye aliyeketi kwenye kiti mbele ya kompyuta.